Babu na daftari la ada

Babu hakuichezea timu yetu hata mechi moja. Naanza na hilo kwa sababu msibani kwake niliwasikia vijana wakiulizana alicheza namba ngapi. Mmoja akasema namba sita, mwingine akaapa kwamba alikuwa kipa. Alikuwa mvuvi. Alivua kwa jarife, wavu wa kutega, tangu ujana wake, akishusha samaki Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga, alfajiri, na jioni ukimtafuta unamkuta kiwanjani kwetu mtaa wa Ngamiani na mfuko wake wa sandarusi. Humo mlikuwa na pampu ya mipira, sindano ya pampu iliyoviringishwa kwenye kitambaa isipotee, uzi, wembe, na kile kijiti ambacho wavuvi hushonea nyavu.

Nyavu za magoli yetu alizishona yeye. Atakaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, wavu ameunasa kwenye dole gumba la mguu ili ukazike, mkono wa kulia unapitisha kijiti, wa kushoto unashika fundo. Tundu alilipima kwa kiganja chake. Kiganja kikipita, tundu limetosha, anavuta fundo na kulikaza kwa meno. Watoto tulizoea kumzunguka tukimtazama, na hakutufukuza, ila ukikaa karibu naye sana atakupa ncha ya kamba uishike. Hapo hutoki tena mpaka Magharibi.

Mimi nilifika kiwanjani kwa ajili ya machungwa. Mama alikuwa akinunua machungwa ya Muheza, ananimenyea, nayatembeza kwenye beseni siku za mechi. Mtoto wa kike peke yangu pale. Wakati wa mapumziko Babu ndiye aliyewanunulia wachezaji, na siku moja alipokuwa ananihesabia hela akaniuliza, "Mjukuu wangu, wasoma?" Nikamwambia nasoma. Akatoa daftari la kaunta kwenye mfuko, kurasa zimevimba kwa chumvi ya bahari. "Haya, nisomee majina."

Yeye kusoma hakujua vizuri. Majina aliandikiwa na watu mbalimbali, ndiyo maana kila ukurasa una mwandiko wake, lakini alama mbele ya majina ziliwekwa kwa mkono wake mwenyewe: duara kwa aliyemaliza ada ya mwezi, nusu duara kwa aliyetoa nusu. Na palikuwa na alama ya tatu, mstari uliolala, ambayo sikuielewa mpaka nilipomuuliza.

Ule mstari ndio ninaotaka kuueleza leo, maana nadhani ndio uliomfanya Babu awe Babu kwetu.

Kulikuwa na vijana wasio na kitu. Kazi hawana, nyumbani hali ngumu, ada hiyo ndogo kwao ilikuwa mlima. Kwingine kijana kama huyo husamehewa, anaambiwa njoo tu ucheze. Babu hakusamehe mtu ada. Atamwita pembeni, amwambie, "Huna hela, mikono unayo." Kesho yake saa moja asubuhi utamkuta kijana huyo na kopo lililotobolewa matundu chini, anapiga chokaa mistari ya kiwanja, Babu nyuma yake ameshika kamba isipinde. Au anafyeka nyasi, au anafua jezi. Akimaliza, Babu anaweka mstari wake kwenye daftari, na kijana yule mkutanini anasimama na kusema kama aliyetoa hela. Tena Babu alikuwa mkali kwa hilo. Mtu mzima mmoja mwenye duka aliwahi kumkatiza kijana wa chokaa katikati ya maneno, na Babu, ambaye kwa kawaida alisema polepole kabisa, alinyanyua daftari juu akasema, "Huyu kalipa. Wewe mwezi huu bado."

Nimeona timu nyingi za mtaani zikizaliwa na kufa hapa Tanga. Anakuja mfadhili, analeta jezi mpya na mipira, wiki mbili kuna kelele na vuvuzela, msimu wa pili mfadhili ana mambo yake, na timu imekwisha hata mtu wa kurudisha jezi hayupo. Sisi hatukuwahi kuwa na mfadhili wa maana. Tulikuwa na watu ambao kila mmoja aliweka kitu chake, hata kama ni jasho la asubuhi moja, na mtu aliyeweka kitu chake hakiachi kirahisi. Sijui kama Babu aliyapanga hayo kichwani. Naamini aliyachukua baharini, kwa sababu kwenye kuvuta nyavu hakuna anayesimama kutazama, na mgao unamfuata aliyevuta.

Mapenzi yake mengine yalikuwa Coastal Union, klabu ya hapa Tanga tunayoiita Wagosi wa Kaya, na hilo mtaa mzima wanalijua. Mke wake, Mungu ampe subira, ni wa African Sports, klabu nyingine ya hapa hapa ambayo watu wake huitwa Wana Kimanumanu, na ni Kimanumanu wa kuzaliwa. Siku timu hizo mbili zikikutana uwanja wa Mkwakwani chakula cha jioni kilipikwa asubuhi, maana jioni hapakuwa na wa kumpakulia mwenzake. Babu aliutaja mwaka 1988, Coastal walipotwaa ubingwa wa Tanzania, kama mtu anavyoutaja mwaka wa ndoa yake. Wagosi wa Kaya walikuwa mabingwa wa nchi, na timu ile ilikuwa ya watu wa hapa hapa, unakutana nao sokoni.

Ila kilichonifundisha zaidi si 1988. Ni 2016. Mwaka ule Coastal, African Sports na Mgambo, timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu, zilishuka daraja kwa msimu mmoja. Mji ulipooza. Kwenye vijiwe vya kahawa watu walitafuta wa kumlaumu, kila mtu na jina lake. Babu alikunywa kahawa yake, akasikiliza, akaja kwetu kudai ada. Kuna aliyemwambia, "Babu, leo siku ya ada kweli?" Akajibu kwamba Jumapili tuna mechi na mpira mmoja una pancha.

Coastal walirudi Ligi Kuu 2018. Julai 2022 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Arusha, na Yanga. Babu miguu ilikwishaanza kumsumbua, safari ya Arusha hakuiweza, tukamkalisha mbele kabisa kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira kwenye televisheni. Abdul Suleiman, yule Sopu, alifunga matatu peke yake siku ile. Matatu! Mechi ikaisha tatu kwa tatu, dakika za nyongeza zimo, halafu penalti zikatukata. Pembeni yangu kijana mmoja akaanza kuwatukana waliokosa. Babu akamgeukia. "Aliyekosa alikwenda kupiga. Wewe ungekwenda?" Kijana akanyamaza, na mimi pia, kwa sababu nilikuwa karibu kusema yale yale.

Alijaaliwa kuiona Coastal ikimaliza ya nne msimu wa 2023/24 na kwenda kucheza mashindano ya Afrika na Bravos do Maquis wa Angola. Walitolewa. Yeye aliridhika kwamba jina la Tanga limefika huko.

Mwaka wake wa mwisho hakuweza tena kukaa chini kushona. Tulimwekea kiti, wavu tukautandika magotini pake, na wajukuu wa watu walikuwa wanamkazia. Daftari nilikuwa nalo mimi, miaka mingi sasa, kwani timu ilinichagua kuwa katibu na Babu ndiye aliyenitaja jina. Wapo waliosema mwanamke atawezaje wachezaji. Aliwauliza nani mwingine anayejua madeni yao yote kwa kichwa. Hilo sitalisahau.

Tulimzika baada ya Alasiri. Jeneza lilipokezanwa mpaka makaburini na nadhani hakuna bega la Ngamiani ambalo halikuligusa. Watu wa African Sports walikuja wengi, wakakaa na mjane wake mpaka usiku. Wavuvi wenzake hawakwenda baharini siku hiyo. Nilimwona yule mwenye duka, sasa mzee, akilia waziwazi.

Arobaini yake itasomwa nyumbani kwake Alhamisi, baada ya Magharibi, na wote mnakaribishwa. Jumamosi yake tunarudi kiwanjani saa moja asubuhi. Wavu wa goli la upande wa barabarani umechanika tena na kijiti cha Babu mkewe ametukabidhi, kwa hiyo anayejua kushona aje. Chokaa ipo mifuko miwili. Nyasi zimeota sana kwenye kona. Asiye na ada ya mwezi huu aje na jembe, mstari wake nitauandika mimi.