"Sijampiga, Mwalimu"

Leo baada ya uji wamenijia kundi zima, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kusemea. Mtoto mmoja alijikwaa kwenye benchi akamwagia mwenzake uji sare nzima. Mwingine alimsukuma jirani yake kwa makusudi, ila jirani hakuanguka. Nikawauliza: nani kakosa zaidi? Karibu wote wakamtaja wa uji. "Sare yote imechafuka, mwalimu!"

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza jambo hili mwaka 1932. Aliwasimulia watoto kisa cha mvulana aliyevunja vikombe 15 bila kukusudia na mwingine aliyevunja kimoja akidokoa jamu. Wengi wa wadogo walimhukumu zaidi yule wa vikombe 15. Darasa langu la elimu ya awali lingemfurahisha.

Hata hivyo, naamini wanajua mengi kuliko hayo. Niliwauliza: mwalimu akiruhusu kuvua viatu darasani, ni sawa? Sawa. Na akiruhusu kupigana? Wakakataa kwa kelele. "Mtu ataumia!" Judith Smetana wa Marekani aliliona hilo pia kwa watoto wa chekechea, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1981: kumuumiza mwenzako ni kosa hata pasipo sheria ya kulikataza. Hawangoji fimbo yetu ndipo wajue.

Kinachonikosesha raha ni uwanjani, kwenye rede. Kuna binti ambaye kila siku anaambiwa "hatukuchezeshi", naye anakwenda kukaa chini ya mwarobaini. Nilimwita kinara wa mchezo. Alinijibu bila wasiwasi wowote: "Sijampiga, mwalimu." Na kweli hakumpiga. Hakuna damu, hakuna tope, hakuna aliyekuja kusemea. Kwa hesabu yake, kosa liko wapi?

Sikumuuliza kwa nini. Swali hilo humfanya mtoto wa umri huu ainamishe kichwa tu. Nilimwambia amtazame mwenzake usoni, kisha aniambie anachokiona.

"Anataka kulia."

"Kwa sababu gani?"

Akafikiri kidogo. "Hana wa kucheza naye." Kisha akaongeza, kwa uzito wa mtu mzima: "Lakini hajui kukwepa. Akiwa kundi letu tunatolewa haraka."

Hoja yake ina maana, na inanipa kazi ninayoiweza. Kesho kabla ya mapumziko nitawatoa wote nje na mpira wa soksi, tujifunze kukwepa. Huyo kinara ndiye atakayewaonyesha wenzake.