Hebu ondoka wewe

Leo ni Ijumaa, na maneno niliyoambiwa Jumatatu na bawabu wa shule bado yamenikaa kooni. Baba watoto amerejea melini, ofisi imenihamishia Kilindini, harusi ya wifi imepita salama, lakini nikifumba macho usiku namsikia yule mzee tu: "Mama, mtoto hana neno. Hebu ondoka wewe."

Niliitikia, "Haya, mzee," kwa unyonge unaoniudhi mpaka sasa. Majibu ya maana yalinijia nikiwa nimeshaketi ndani ya matatu: kwamba kitindamimba wetu hajakanyaga darasani tangu Machi 2020; kwamba siku tatu nzima alikuwa akilalamika tumbo, na homa hana; kwamba ncha ya buibui langu alikuwa ameifumbata ngumini hata ikatota jasho. Angeyajulia wapi hayo, naye kazi yake ni kuwaelekezea watoto kipima joto usoni na kuwapanga foleni ya maji na sabuni?

Jumanne yalijirudia yaleyale, nami nikazidi kumchukia. Jumatano, nilipokuwa nikimweka sawa barakoa kwa mara ya nne, mtoto akaniuliza, "Mama, kwani huko ndani kuna nini?" Nilikosa la kusema. Kwa miezi tisa na ushei ni mimi niliyemwambia asiguse, asisogee, asitoke. Kisha tarehe 4 Januari nikamvisha sare na kumtaka arudi Gredi ya Pili ileile, kati ya watoto chungu nzima, kana kwamba sikuwahi kumtisha na lolote.

Basi jana nilimtia kitambaa changu mfukoni, nikamwambia kwamba saa tisa atanikuta papo hapo, nikashika njia. Sikugeuka mpaka nilipofika kwenye mwembe. Alikuwa ameshapita getini, anamwonyesha mwenzake pengo la jino lililong'oka Disemba, wala hana habari nami. Nikalia mimi, barakoa ikalowa, na yule mzee akajitia kufuta kipima joto chake.

Leo hakulitaja tumbo. Amelalamikia viatu, na ni kweli vinambana, kwani ni vya mwaka juzi. Isitoshe, maji ya mfereji hayajatoka tangu Jumanne, tangi limebaki robo, na sare anayo moja tu.