Jinsi nilivyozuia video za ajali kuninyima usingizi

Kundi la ukoo wetu kwenye WhatsApp lilikuwa likirusha video za ajali hadi usiku wa manane, na nikifumba macho naziona tena. Kujitoa haikuwezekana, humo ndimo zinamopita taarifa za misiba na michango. Dawa niliipata kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data: nilizima upakuaji wa moja kwa moja, hivyo video hubaki na ukungu mpaka niiguse mwenyewe. Kisha nikalinyamazisha kundi daima. Shangazi nilimwomba pakitokea msiba anipigie.

TikTok ilikuwa ngumu zaidi, maana hukuongezea kile ulichokitazama hata kwa hofu. Huko nilianzisha upya mapendekezo yote, chaguo lililopo tangu 2023.