Sinia, Mashimo Tisa na Orodha ya Meli: Nilivyojuana na Wafanyabiashara wa Mombasa

Kampuni yetu ya uchukuzi iliponihamishia Mombasa kusimamia tawi lake la pwani, wakubwa zangu wa Nairobi walinipa mshauri wa mahusiano ya biashara ambaye, kwa kadiri nilivyokuja kumfahamu, Mombasa alikuwa ameiona wakati wa likizo za Desemba tu. Alinishauri niandae karamu za hoteli na kugawa kadi zangu kabla watu hawajaketi, nijiunge na klabu ya gofu, na baada ya mchezo niketi baa, kwani eti huko ndiko mikataba inakofungwa. Nayasema haya kwa hasira kidogo, kwa sababu yeye alilipwa ada yake na karamu ikabaki shingoni mwa bajeti yangu.

Karamu yenyewe inastahili kusimuliwa. Mshauri alitaka ianze saa kumi na mbili jioni, na meza ikapangwa ndefu, kila kiti na jina lake, mawakala wa forodha wakichanganywa na wenye malori na wenye maghala. Wageni walipofika waliyahamisha majina yale bila haya na kila mtu akaketi na jamaa yake wa siku zote. Nikasimama kutoa hotuba niliyoandikiwa, na kabla sijafika ukurasa wa pili adhana ya Magharibi ikasikika. Nusu ya ukumbi ikainuka kwenda kuswali, na wengi wao sikuwaona tena usiku ule. Waliobaki walikula wakitazama simu zao. Kadi zangu nilizikuta chini ya sahani, moja ikiwa imetumiwa kufutia ukwaju.

Ushauri wa gofu haukuwa mbaya wote, ila ulikuwa wa mji mwingine. Viwanja vya mashimo 18 vya Nyali na Vipingo ni vya kupendeza, lakini mchezo mmoja huchukua saa nne na zaidi, na hakuna mwenye ghala la makontena anayeweza kupotea kazini kwa muda huo siku ya kazi. Tena wafanyabiashara wengi niliowahitaji ni Waislamu ambao hawana haja na baa. Mtu anapiga mpira wake wa mwisho, anakupa mkono, anaondoka, nawe unabaki na kinywaji chako na wageni wenzako kutoka bara.

Nikahamia Mombasa Golf Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye mashimo tisa juu ya majabali ya bahari, ambayo huhitaji saa mbili hivi kuyamaliza. Mchezo wangu hata sasa ni wa kuchekesha. Mfumo wa handikapu, yaani mapigo anayosamehewa mchezaji dhaifu, unaotumika duniani tangu mwaka 2020 unaruhusu mpaka 54, nami nauheshimu sana kwa ukarimu huo. Upepo wa kusi ukivuma, mpira wangu huenda popote isipokuwa shimoni, na wazee wa pale wamepata burudani isiyo na kiingilio.

Hapo ndipo nilipobuni hila ninayojivunia. Kila meli kubwa iendayo bandari ya Kilindini hupita mlango wa Likoni, karibu kabisa na uwanja ule. Halmashauri ya Bandari hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa kwa siku 14 zijazo, nami nikawa naisoma asubuhi kisha napanga kucheza siku ambayo meli yenye mizigo inayowahusu wenzangu inatazamiwa kuingia. Si kila mara ilifika kwa wakati, lakini ilipotokea, watu wa bandari walishindwa kujizuia: fimbo zilishushwa, mmoja akataja wakala wake, mwingine akalalamikia ada za kuchelewesha makontena, wa tatu akauliza ni nani mwenye malori ya kupeleka Kampala wiki ile. Mimi sikulazimika kuanzisha mazungumzo ya biashara hata kidogo. Nilijibu tu kwamba malori yapo.

Baada ya mchezo, badala ya baa tulivuka hadi bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, pale palipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019, tukanywa madafu na kula kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu. Gharama yake ni mia chache, hata ukiwalipia wote.

Lakini kilichomaliza kazi ni sinia. Nilimwagiza mama mmoja mpishi wa Kibokoni biriani ya mbuzi, kwa bei ambayo ukiigawa kwa vichwa haifiki nusu ya chakula cha ile hoteli, nikawaalika watu wachache nyumbani baada ya swala ya Ijumaa. Tuliketi mkekani, birika na beseni vikapitishwa, tukazunguka sinia moja. Mzee mmoja mwenye maghala Shimanzi alichambua nyama laini na kuisukuma upande wangu, na nilipojaribu kutaja kampuni yangu akanikatiza: “Mwanangu, hapa twala kwanza.” Simu zikaanza kulia mifukoni na hapana aliyezigusa, kwa kuwa mkono uliojaa rojo haushiki simu. Hakuna kanuni ya mkutano niliyowahi kuandika iliyopata utiifu wa namna ile. Kahawa chungu na haluwa vilipoletwa, mzee aliuliza mwenyewe: “Haya, hayo malori yako yalala wapi?” Mpaka leo yanalala kwake.

Usizidishe watu watano kwa sinia, na usiwaweke washindani wawili wakitazamana. Kadi nimeacha kugawa. Namba ya simu ikiombwa ndipo huitoa.

Mwezi wa Ramadhani gofu hupungua, nami huandaa futari: tende, kaimati, viazi vya nazi, mbaazi na samaki wa kupaka. Mgeni wa futari hana subira na hotuba, na muda si muda ataondoka kwenda Tarawehe, hivyo mwenye neno la biashara na amngoje arudi, kwani baada ya hapo watu huketi kwa kahawa hadi karibu na daku, na ratiba ya malori ya wiki nzima hupangika bila mtu kufungua kompyuta.