Englebert ya 1968 dhidi ya Mazembe ya 2010: mradi umefikia wapi

Nusu fainali ya kwanza imechezwa, kwenda na kurudi, na nimekwama kwenye jambo ambalo dadu haziwezi kuamua.

Kwa asiyeujua mradi wenyewe: nazipambanisha timu nne za klabu moja, TP Mazembe ya hapa kwetu Lubumbashi, kila timu na msimu wake. Iko ya 1968, enzi za jina la Tout Puissant Englebert. Iko ya 2009, iko ya 2010 iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na iko ya 2015 ya akina Mbwana Samatta. Zote nne zilitwaa ubingwa wa Afrika. Ya 1980 nimeiacha nje kwa sababu lile lilikuwa Kombe la Washindi, shindano jingine. Kila mchezaji ana kadi niliyoikata kwenye katoni, kila mtupo wa dadu mbili ni dakika tano za mchezo, na matokeo yanaingia daftarini. Ningeweza kuifanya kazi hii kwenye kompyuta, lakini mezani watu wanakaa, wanabishana, na ule ubishi ndio unaonisaidia kupanga namba za kadi.

Kanuni niliyoanza nayo ni kwamba kadi ni ya msimu, si ya mtu. Robert Kidiaba ana kadi tatu na hazilingani: wa 2010 alikuwa na miaka 34, wa fainali ya 2015 alikuwa na 39. Kanuni hiyo ndiyo inayomtendea haki Kazadi Mwamba, kipa wa 1968. Wengi wa nje wanamjua kwa mechi moja tu, Zaire na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia la 1974, alipotolewa mapema tukiwa tumeshafungwa matatu, na mpira ukaisha 9-0. Kadi yangu haijui lolote kuhusu siku ile. Ni kadi ya kipa kijana aliyekuwa bingwa wa Afrika na klabu yake, na mwaka 1968 akawa bingwa wa Afrika na taifa kule Ethiopia, Ghana ilipolala kwa bao moja la Pierre Kalala, mwenzake wa Englebert. Nimempa namba ya juu kuliko makipa wote wanne kwenye mipira ya krosi, na sitaipunguza.

Trésor Mputu alinisumbua zaidi. Kila anayepita mezani anataka kumwona ndani ya timu ya 2010. Haiwezekani. Mwaka ule FIFA ilikuwa imemfungia, na Mazembe ilikwenda Abu Dhabi bila yeye. Mputu yuko 2009, mwaka aliochaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Na tazama ajabu yake: Mazembe ya 2009 yenye Mputu ilikwenda Kombe la Dunia la Klabu ikafungwa na Pohang 2-1, kisha na Auckland City 3-2. Ya 2010 bila Mputu ikaipiga Pachuca 1-0 kwa bao la Bedi Mbenza, ikaipiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka, ndipo ikafungwa na Inter Milan 3-0 kwenye fainali. Kwa maoni yangu timu hii ya 2010, ya kocha Lamine N'Diaye, ilikuwa bora kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja wa kumsubiri. Kwa hiyo namba ya ushirikiano wa viungo nimeipandisha kwa 2010, ingawa kadi ya Mputu peke yake inazishinda zote.

Sasa nusu fainali. Nilizipanga hizi mbili kwa makusudi, maana kila moja ilishinda 5-0 kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya Afrika. Englebert iliifunga Étoile Filante ya Lomé tano bila, Mazembe ya 2010 ikaifunga Espérance ya Tunis tano bila. Tofauti imo kwenye marudiano: Englebert walifungwa 4-1 Lomé, wakati wale wa 2010 walitoka 1-1 Tunisia. Ukisoma haraka utasema 1968 walikuwa dhaifu ugenini, basi. Lakini tano za 2010 zilifungwa hapa nyumbani, mashabiki wamejaa uwanja wa Kibassa Maliba. Tano za Englebert zilifungwa Kinshasa, mbali kabisa na Katanga. Mzee jirani yangu, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, ambaye ndiye refa wetu, anakumbuka kwamba wao huku walikuwa wanasikiliza redio. Nikawapa 2010 alama mbili za uwanja wa nyumbani, 1968 moja tu.

Halafu sheria. Timu haiji peke yake, inakuja na sheria za wakati wake. Ndiyo maana mechi ya kwanza imechezwa Kinshasa kwa sheria za 1968, marudiano Lubumbashi kwa sheria za 2010. Nilidhani kuotea ndiko kungeleta tofauti kubwa, kwa kuwa hadi 1990 mshambuliaji aliyelingana na beki alihesabiwa ameotea. Mzee akaniambia, "Mwana, uandike na pasi ya nyuma. Ule wakati beki akiona hatari anamrudishia kipa, kipa anaudaka, tunaanza upya." Hiyo ilikatazwa 1992. Mezani nimeiweka hivi: kwa sheria za 1968, timu inayoongoza inaweza kutumia mtupo wake kurudisha mpira kwa kipa, na mpinzani anakosa shambulizi.

Hamuwezi kuamini jinsi kanuni ndogo hiyo ilivyotawala mechi. Englebert waliongoza 3-1 kufikia dakika ya 65, Kalala akiwa na mawili. Kuanzia hapo Kabangu alipata mpira tena na tena, na kila mara yule aliyeshika upande wa Englebert alisukuma kadi ya beki hadi kwa Kazadi. Aliyekuwa akitupa dadu za 2010 alisimama kabisa akalalamika. Mzee akamjibu kwamba hiyo ni sheria, aketi. Ikaisha 3-1.

Marudiano silaha ile haikuwepo. Dakika ya 55 beki wa Englebert amebanwa, anarudisha, na Kazadi haruhusiwi kuudaka. Kadi yake ya miguu ina namba ndogo, kwa sababu mwaka 1968 nani alimfundisha kipa kupiga pasi akiwa amebanwa? Dadu zikatoa tatu. Kaluyituka akaunasa, moja bila. La pili lilikuja kwa kona dakika za mwisho. 2-0.

Jumla 3-3.

Kwa kanuni ya bao la ugenini, jumla zikilingana anapita aliyefunga mengi ugenini, kwa hiyo 2010 wamepita, maana bao lao la Kinshasa lina uzito. Waliokuwa upande wao walianza kushangilia. Mimi nilifungua ukurasa wa fainali za kweli na moyo ukasita. Fainali ya 1967, taji la kwanza kabisa la klabu hii, Englebert walitoka 1-1 na Asante Kotoko ya Ghana kule Kumasi, kisha 2-2 Kinshasa. Jumla 3-3, ileile. Kanuni ya bao la ugenini ingekuwepo, Kotoko ndio mabingwa. Haikuwepo, ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likaja kwetu. Na taji la 2009? Heartland walishinda 2-1 Nigeria, sisi tukashinda 1-0 hapa, tukawa mabingwa kwa bao la ugenini. Klabu moja, kanuni moja: taji moja limepatikana kwa sababu haikuwepo, jingine kwa sababu ilikuwepo.

Siwezi kuwatoa Englebert kwa kanuni ambayo ingewanyang'anya hata ubingwa wao wa kwanza. Mzee na mimi tumekubaliana: mechi ya tatu, uwanja wa kati, hakuna alama ya nyumbani kwa yeyote. Sheria za pasi ya nyuma na kuotea zitaamuliwa kwa sarafu dakika moja kabla ya kuanza, ili pande zote zipange kikosi bila kujua. Vijana wa 2010 wamenuna lakini wamesema watakuja.

Wakati huohuo namalizia kadi za 2015 kwa ajili ya nusu fainali ya pili na 2009. Samatta, mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa mwaka ule kwa mabao 7, kadi yake iko tayari. Ya Rainford Kalaba bado naigombania na watu wawili wanaotaka nimwongezee kasi.