Lozi zimefika Tabora, bei nayo imefika
Jamani, lozi tamu, ila bei yake hapa Tabora inataka moyo! Shangazi kanitumia kifuko kutoka Dar, sasa ndiyo kitafunwa changu cha saa kumi, ule muda ambao mkono huwa unalifuata andazi. Naziloweka usiku, asubuhi ukibinya kwa vidole ganda la kahawia linavuka lenyewe. Bibi kaonja moja, akasema hizi ni karanga zilizosoma.

Kiganja kimoja kinatosha: gramu 28, lozi kama 23 hivi, zina protini gramu 6, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 3, na vitamini E ya kutosha. Ila kalori nazo ni 160 na ushee, kwa hiyo kifuko usikae nacho mbele ya TV.

Nyingi duniani zinatoka California, ndiyo maana hadi zifike huku zimeshakula nauli. Zikiisha narudi kwa mama wa karanga sokoni, tena bila kinyongo: kwa protini karanga zinazipita lozi kidogo. Nachukua mbichi, nakaanga mwenyewe, chumvi sitii.

Wa mitaa ya Isevya na Ng'ambo hapa Tabora, mkiona lozi za bei ya kibinadamu nishtueni.