Mtoto Mpole

Leo ni siku ya nne, na neno lile bado halijanitoka. Tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya moyo tukisubiri kuitwa, mtoto yuko kifuani pangu, macho wazi, kimya. Mama aliyeketi kando yangu, ambaye mwanawe alikuwa akilia tangu walipoingia, alimtazama wangu, akatabasamu kwa uchovu, akasema: "Hongera, dada. Mtoto mpole kweli huyu. Wewe angalau unalala." Nami nikamjibu: "Ahsante."

Ahsante ya nini? Nimejiuliza hivyo nikichemsha chupa, nikipima dawa kwenye bomba la sindano, nikikunja nguo saa nane za usiku. Yule mama alisema kwa nia njema, na sina kinyongo naye hata kidogo. Kinachoniuma ni jibu langu. Nilipaswa kumwambia kwamba upole ule si tabia ya mtoto, bali ni kazi ya nyumba nzima. Mtoto mwenye tatizo la Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo kama ya mwanangu, ana tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba. Akilia kwa nguvu, njia hiyo huweza kubana zaidi, na damu isiyo na oksijeni ya kutosha ikapita tunduni na kusambaa mwilini. Ndiyo maana chupa yake huwa tayari kabla njaa haijamfikia, simu zetu hazitoi mlio, na dada mtu amejifunza kufunga mlango kwa kukizungusha kitasa polepole mpaka mwisho.

Jumanne alfajiri tulishindwa kumwahi. Alianza kulia baada ya kujisaidia, na kabla sijamaliza kumfunga nepi midomo ilikuwa imegeuka zambarau, kucha zikafuata, akawa anahema haraka na kwa kina, kisha kilio kikafifia. Nilimkunja magoti hadi kifuani kama tulivyofundishwa, kwa kuwa kukunjwa hivyo huifanya damu ipate shida kuteremka miguuni na nyingi zaidi ikaelekea mapafuni. Nilimsemesha kwa sauti ya chini huku nikitazama kipimo cha oksijeni kwenye kidole chake cha mguu: 58, 61, 60, 67. Baba yao alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa hospitali begani. Tulipofika 79 mtoto alinitazama, akasinzia.

Siku hiyohiyo, saa chache baadaye, ndipo nilipoambiwa ni mpole, nikashukuru. Upasuaji wake umeahirishwa kwa wiki tatu kwa sababu ya mafua, dozi ya propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, imeongezwa, na baba yao ameanza likizo isiyo na malipo. Yote hayo yamepita, lakini mimi bado nimekaa kwenye benchi lile natafuta jibu jingine.

Usiku wa kuamkia leo nilisoma habari za Helen Taussig, daktari wa watoto ambaye ndiye aliyetoa wazo la upasuaji wa kwanza wa watoto wa aina hii, uliofanyika katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, tarehe 29 Novemba 1944. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake, kwa hiyo alijizoeza kuipima mioyo ya watoto kwa vidole. Niliweka kitabu chini, nikaweka kiganja kwenye kifua cha mwanangu, nikausikia ule mtetemo mwembamba unaoandamana na kila pigo. Kumbe hajawahi kunyamaza. Nilikaa na mkono pale muda mrefu, na kwa mara ya kwanza wiki hii moyo wangu ulitulia.

Kisha leo jioni akacheka. Si tabasamu lile la kila siku, bali kicheko chenye sauti, kilichotoka tumboni, kwa sababu dada yake alikuwa akijifunika uso kwa khanga na kujifunua. Mimi na baba yao tuligeuka pamoja kutazama kipimo: 84. Akacheka tena: 85. Nilikuwa natokwa na machozi ya furaha pale dada mtu alipoishusha khanga taratibu, akaninong'oneza: "Mama, kucheka anaruhusiwa?"

Nilimwambia anaruhusiwa, acheke anavyotaka, na yeye pia acheke. Lakini nilipomvua viatu kabla ya kuoga, nikaona ngozi ya visigino vyote viwili imechubuka na vidole vimejikunja kwa kubanwa. Nilimuuliza tangu lini. Akasema ni tangu siku ile mdogo wake alipochukuliwa na gari la wagonjwa. Nimemsimamisha juu ya karatasi, nikauchora mguu wake kwa penseli.